Nilivyolitafsiri Neno "Clear"

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua jinsi Ndung'u alivyonioa, akanipandisha kwenye lori lake hadi Beira, kisha akaniacha huko nikiwa na mimba ya miezi minne. Mnajua nilivyokaanga viazi sokoni miaka mitano na kujifunza Kireno kwa kutukanwa na wateja. Na Jumamosi iliyopita nilieleza nilivyorudi kwa baba yangu Dundori na msichana wangu Sue, nikapata kazi ya kutafsiri katika machimbo ya mawe karibu na Kariandusi baada ya kudanganya kwamba nina cheti.

Leo nafika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa. Watu wawili walikufa kwa neno moja, na neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Hata mchungaji wangu sijamwambia.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Meneja wa machimbo, Jamleck Mbugua, alizungumza Kiingereza cha haraka haraka. Fundi wa baruti, Adérito Muianga, alitoka Tete huko Msumbiji na hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Mimi nilisimama katikati. Mmoja akisema, namgeukia mwingine.

Adérito alikuwa mzee wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliniita Dona Wangeci, kwa heshima, kama mtu anavyomwita mke wa pasta. Wafanyakazi walimpenda, na aliyempenda zaidi ni Gedion, aliyesimamia pampu ya kutoa maji shimoni. Kila asubuhi Gedion aliniuliza neno jipya la Kireno, kisha akaenda kumjaribu nalo mzee. Siku moja nilimfundisha tusi nikamwambia ni salamu. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Kaka yake Gedion, Kiprugut, alikuwa nyapara wa wapasua mawe. Mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi hiyo, na mama yao, Chelagat, alikuwa amemwapisha amrudishe nyumbani mzima kila jioni.

Jumanne hiyo malori yalikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, na Mbugua alikuwa na hasira. Saa tano alimfuata Adérito akidai ufunguo wa mashine ya kulipulia. Ufunguo huo mzee aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kwa sheria ya kazi hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuushika.

Mzee alikataa. Mbugua akasisitiza kwamba yeye ndiye mkubwa pale. Nilitafsiri ugomvi huo karibu dakika kumi, nikipunguza matusi ya huku na kuongeza heshima ya kule. Mwishowe walikubaliana hivi: Mbugua atakaa na mashine nyuma ya kontena, ambako haoni shimo, na mzee atasimama juu ya ukingo anakoliona shimo lote. Mimi nitakuwa na mzee, na redio.

"Mwambie asibonyeze mpaka mimi niseme shimo ni tupu," Adérito aliniambia huku akivua ile kamba shingoni.

Nilimwambia Mbugua. Akasema sawa, akaenda zake na ufunguo.

King'ora kililia, watu wakatoka shimoni, nasi tukapanda ukingoni. Jua lilikuwa kali. Nilitafuta kivuli nyuma ya jiwe kubwa, nikakaa nikiwa nimeligeuzia shimo mgongo. Mzee alisimama hatua kumi nyuma yangu, kwenye ukingo kabisa.

Redio ikakwaruza. Mbugua alisema neno moja tu: "Clear?"

Kwa Kiingereza hilo ni neno la kazi nyingi. Maji yakiwa safi ni clear. Anga lisilo na wingu ni clear. Ukielewa somo, mwalimu anauliza kama ni clear. Na mahali pasipo na mtu ni clear. Kireno hakichanganyi mambo hivyo. Jambo likieleweka ni claro. Mahali pakiwa patupu ni livre.

Na nililijua livre. Beira niliulizwa kila siku kama kiti ni livre, mtu akae ale viazi vyake. Lilikuwa kwenye ulimi wangu. Lakini jua lilikuwa kali, njaa ilikuwa inauma, na claro linafanana na clear kama ndugu wawili. Nikachukua la karibu.

Niligeuza kichwa, nikamwita mzee kwa sauti: "Está claro?"

Yaani nilimuuliza kama imeeleweka. Na yeye alidhani Mbugua anataka uhakika kwamba yale makubaliano ya ufunguo yameeleweka. Hata hakugeuka. Aliinua mkono mmoja akajibu, "Claro, claro."

Nikabonyeza redio, nikasema, "Clear."

Ndipo nikamsikia akipiga mluzi. Mluzi mkali, mara mbili. Halafu akaita jina la Gedion. Nikashangaa mtu anaitaje jina kwenye shimo tupu.

Sikumaliza kushangaa.

Ardhi ilininyanyua ikanitupa kifudifudi. Masikio yaliziba. Nilipoinua kichwa niliona mdomo wa Adérito ukifunguka na kufungika, mikono yake kichwani, na wingu jeupe likipanda kutoka shimoni. Kisha mawe yakaanza kurudi chini, madogo kwanza, halafu makubwa.

Haya ndiyo yaliyotokea tukiwa ukingoni. Wiki iliyotangulia pampu ilipondwa na mawe, na Mbugua alimfokea Gedion mbele ya watu wote. Siku hiyo Gedion aliikumbuka akiwa tayari ameshatoka. Akarudi kuitoa. Kihara, mpakiaji wa kutoka Kaptembwo, alimfuata kumsaidia kuibeba, maana ilikuwa nzito.

Tulishuka mbio. Kihara tulimkuta hai, jiwe la ukubwa wa meza likiwa limemlalia kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikuwa akiongea vizuri kabisa. Aliuliza kwa nini hatumtoi. Watu wanane walilisukuma lile jiwe, na lilipotikisika damu ilitoka kwa wingi, na yeye akaacha kuongea.

Gedion alitafutwa kwa nusu saa. Kiprugut alichimba kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka. Alipompata, alimtambua kwa soksi. Alivua shati lake akamfunika mahali palipokuwa uso, akakaa kando yake, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Kufikia wakati huo watu walikuwa wengi. Wapasua mawe, wapakiaji, madereva wa malori, wachungaji waliokuwa wakilisha mbuzi juu kule. Minong'ono ilianza. Nani alibonyeza? Nani alisema watu wametoka?

Mbugua alipanda juu ya lori akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, kwamba fundi wa baruti ndiye mwenye jukumu la kuangalia shimo, na kwamba fundi alikuwa amesema clear. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Wangeci, si alisema hivyo?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema kwamba nilimuuliza swali lingine. Ningesema aliyesema clear kwenye redio ni mimi. Maneno kama kumi tu.

Nikajibu, "Alisema claro."

Ulikuwa ukweli. Na nilijua vizuri kabisa watu watasikia nini.

Mtu mmoja alimshika Adérito kola. Mwingine akampiga kofi lililomwangushia kofia. Mzee hakukimbia. Nafikiri hakuelewa kabisa kinachoendelea, maana na yeye alikuwa akilia. Jiwe la kwanza lilimpata kwenye sikio. La pili likampata mgongoni alipoinama. Halafu yakawa mengi, na huko machimboni mawe hayatafutwi.

Alianguka kwa magoti akaniona katikati ya miguu ya watu. "Dona Wangeci," akasema, damu ikimwingia mdomoni, "diga-lhes o que me perguntou."

Waambie uliniuliza nini.

Kiprugut alikuwa amefika. Alikuwa kifua wazi, na mkononi ana mtaimbo, ule wa kung'olea mawe. Watu wakampisha. Aliinua mkono mmoja, mawe yakasimama.

"Mama Sue," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu mzee anasema nini?"

Nilimtazama Mbugua juu ya lori. Nilimtazama mzee. Nikamfikiria Sue, na hiyo mitaimbo yote, na nikaona wazi kwamba mtu mmoja lazima ailipie ile damu, na huyo mtu ni yule au ni mimi.

"Anaomba msamaha," nikasema.

Kiprugut alimpiga begani kwanza. Nilisikia mfupa. Mzee alipoinua kichwa, alimpiga taya. Baada ya hapo wengine waliingia kwa mateke na mawe, lakini Kiprugut alikuwa ameshauachia mtaimbo na kurudi kukaa kando ya mdogo wake. Muda wote mzee alinitazama. Hata jicho moja lilipofumba, lile lingine lilibaki kwangu.

Polisi walifika wakapiga risasi hewani. Walimpakia nyuma ya gari lao kama gunia. Alikuwa bado anapumua.

Jioni ile Mbugua aliniita ofisini, akafunga mlango kwa ndani. Aliniambia anajua sina cheti, amejua tangu wiki ya kwanza. Aliniambia pia kwamba Kiprugut ana ndugu wengi. Kisha akaweka karatasi mbele yangu, tayari imeandikwa. Ilisema ufunguo wa mashine ulikuwa shingoni mwa Adérito, kwamba yeye ndiye aliyebonyeza, na kwamba kabla ya kubonyeza alitamka mwenyewe kuwa hakuna mtu shimoni.

Nilimuuliza ufunguo uko wapi. Alisema uko kwenye begi la mzee, na polisi wataukuta wakipekua.

Nikatia sahihi. Kesho yake nilirudia maneno yale yale mbele ya Inspekta Chesang, mwanamke mrefu aliyeshika kesi hiyo. Aliandika bila kunitazama.

Gedion alizikwa Ijumaa. Nilienda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Nilikaa mwisho kabisa, lakini Chelagat aliniona. Yule mama alipita katikati ya watu, akanikumbatia, akanishukuru. Alisema ameambiwa nilijaribu kuongea na yule mgeni mpaka dakika ya mwisho. Alinipa maziwa ya mala, yale ya kugandishwa, kwenye chupa nimpelekee mtoto wangu.

Nilimpelekea Sue. Alikunywa yote. Mimi nilitoka nje nikaiosha chupa.

Jumatano iliyofuata Chesang alinipeleka hospitali Nakuru, maana Adérito alikuwa amepata fahamu na hakuna mwingine waliyempata anayejua Kireno. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, hawezi kusema, lakini walimpa kalamu ashike kwa mkono mzima. Aliponiona, aliweka kalamu juu ya shuka, akageuza uso ukutani. Chesang alisubiri karibu saa nzima. Nikamwambia mgonjwa hana la kusema. Wakati huu sikuwa nimedanganya sana.

Nilifikiri imeishia hapo. Mtu akipata siku tano za kulala bila kushtuka, anaanza kujiona amesamehewa.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunavuna viazi shambani kwa baba, mimi na yeye, Sue akiwa shule. Niliona pikapu ikipanda barabara ya Dundori ikiyumba kwenye matope. Ilisimama kwenye lango letu. Kiprugut alishuka, na nyuma wakashuka wanaume watano wa kwao.

Hakunisalimia. Alinyoosha simu akaniambia nitazame.

Ilikuwa video. Dereva fulani wa lori alikuwa ameirekodi siku ile, na imezunguka kwenye magrupu mpaka ikamfikia Cheptoo, binti yake Kiprugut anayesoma chuo. Katikati ya makelele, sauti ya mzee ilisikika wazi ikisema maneno yale. Cheptoo aliiweka sauti hiyo kwenye simu, simu ikaandika Kiingereza, na Cheptoo akamsomea baba yake kwa Kiswahili.

"Simu inasema alisema, waambie uliniuliza nini," Kiprugut akaniambia. "Wewe uliniambia anaomba msamaha."

Nilisema simu haijui Kireno vizuri.

Alinizaba kofi nikaanguka juu ya debe la viazi. Aliniinua kwa nywele, akaniuliza tena, polepole, nilimuuliza mzee nini.

Baba yangu ni mtu wa miaka sabini na moja. Alikuja kutoka upande wa pili wa shamba akikimbia na jembe, akalitupa kwa nguvu zake zote kwenye mgongo wa Kiprugut. Lilimpata kwa mpini. Wale wanaume walimrukia baba. Nilimwona akipigwa ngumi mbili, akaanguka kwenye mfereji, na mmoja akapandisha mguu kumkanyaga kifua.

"Nilimuuliza kama ameelewa," nikasema. "Sikumuuliza kama shimo ni tupu. Mwacheni baba."

Mguu ule ulibaki hewani.

Nilisema yote nikiwa nimekaa kwenye udongo, pua ikitoka damu. Nilieleza neno la Kiingereza na maneno mawili ya Kireno, na lipi nililichagua. Nilieleza kwamba aliyesema clear kwenye redio ni mimi. Nilieleza mluzi, na jinsi mzee alivyokuwa akimwita Gedion atoke. Na nilieleza ufunguo ulikuwa mkononi mwa nani, na nani alibonyeza, na ulifikaje kwenye begi.

Kiprugut alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alikaa chini kwenye tuta la viazi, akashika kichwa. Mmoja wa ndugu zake alikuwa ameshatoa panga kwenye pikapu na kunijia. Kiprugut alimwambia kwa Kikalenjin neno fupi, na yule akalirudisha, ingawa alifanya hivyo akinitazama.

"Mzee alikuwa anamwita atoke," Kiprugut akasema. Si kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote. "Na mimi nilimpiga."

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika kwenye ua, wengine na mapanga yao. Huku kwetu watu wa jamii mbili, yetu na ya Wakalenjin, wakisimama hivyo shambani, kila mtu mzima anajua siku inavyoweza kuisha. Baba, akiwa bado kwenye mfereji, damu ikimchuruzika kidevuni, aliwapungia mkono akawaambia ni mambo ya kazi, warudi nyumbani. Sijui alipata wapi nguvu ya kusema vile. Hakunitazama tangu aliposikia maneno yangu, na hakunitazama nilipoondoka.

Kiprugut aliniambia niingie kwa gari. Alisema hataniua. Alisema nitaenda kuyarudia maneno yale mbele ya polisi, yote, na yeye atakaa pale asikie, na Mbugua akamatwe jioni hiyo hiyo.

Nilipanda mbele, katikati yake na dereva.

Kituoni, ndugu zake walibaki uani kando ya pikapu. Wengine wa ukoo walikuwa wamepigiwa simu, na tulipofika tulikuta kama ishirini tayari wamesimama nje ya lango. Chesang alitupokea ofisini kwake, mimi na Kiprugut. Alitazama pua yangu iliyovimba, akaniuliza kama nimelazimishwa kuja. Nilimwambia nimelazimishwa kuja, lakini sijalazimishwa kusema.

Niliongea kwa saa moja. Wakati huu aliandika akinitazama. Nilipofika kwenye ufunguo alisimamisha kalamu, akanirudisha nyuma, akataka nirudie nilichosikia ofisini kwa Mbugua neno kwa neno. Alimtuma konstebo mmoja aondoke na gari kwenda machimboni kumleta meneja. Kiprugut alivuta pumzi kwa mara ya kwanza.

Nilipomaliza nilitia sahihi kila ukurasa. Chesang aliniambia kwamba kwa maelezo yangu ya kwanza nimeidanganya serikali, na kwamba nitashtakiwa kwa hilo hata nikisaidia. Nilimwambia najua.

Kisha alifunga faili, akaliweka kando, akafungua lingine jipya lisilo na karatasi ndani.

"Kuna jambo hamjalisikia," akasema. "Muianga amefariki leo saa kumi na moja alfajiri. Daktari anasema damu ilivuja kwenye ubongo."

Kiprugut alinigeukia.

"Alikuwa na watoto?" akaniuliza.

"Wanne," nikasema. "Wa mwisho yuko darasa la sita."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Chesang alieleza kwa upole, nafikiri kwa sababu aliona hali yetu, kwamba sasa ana kesi mbili. Ya machimbo ni moja. Ya Muianga ni nyingine, na hiyo ni ya mauaji. Alisema video ile anayo, lakini inaonyesha migongo ya watu na haionyeshi nyuso. Ametafuta shahidi kwa wiki mbili. Wafanyakazi zaidi ya sitini, na kila mmoja anadai alikuwa akitazama upande mwingine.

"Wewe ulikuwa mbele kabisa," akaniambia. "Nani alimpiga kwa mtaimbo?"

Kiti cha Kiprugut kilikuwa kimegusana na changu. Nilisikia joto la mkono wake. Mtu huyu alikuwa amenipiga saa nne asubuhi. Alikuwa pia amewazuia wenzake wasinikate. Na mimi ndiye niliyemwekea ule mtaimbo mkononi, kwa maneno mawili, kama vile nimemkabidhi.

Nilimwambia Chesang hivyo. Nilimwambia kwamba aliyempiga alipiga kwa sababu yangu.

"Hilo nimeliandika," akasema. "Nimekuuliza jina."

Nje mtu alicheka, mlango wa gari ukafungwa.

"Mama Sue," Kiprugut akasema bila kunigeukia, "usimdanganye tena mtu juu ya huyo mzee. Sema."

Nikasema ni yeye.

Chesang alimwomba asimame. Alisimama, akajifunga vizuri vifungo vya koti, akatoa mikono. Pingu zilipolia, nilitazama dirishani, na pale dirishani palikuwa na uso wa yule ndugu yake wa panga, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akitazama ndani. Aliona pingu. Aliniona mimi nimekaa. Akaachia nondo akaondoka kwa haraka.

Kiprugut alipiga kelele kwa Kikalenjin kuelekea uani, sauti iliyonifanya niruke. Baadaye konstebo aliniambia alikuwa akiwaambia waende nyumbani, kwamba amekubali mwenyewe. Lakini makelele ya huko nje yalikuwa yameshaanza kuizidi sauti yake.

Chesang alimsukuma kwenye korido, akapiga komeo mlango wa mbele, akarudi kwangu. Askari waliobaki kituoni walikuwa watatu. Aliniuliza kama kuna mtu yeyote wa kunichukua kwa mlango wa nyuma, ndugu, rafiki, mtu wa kanisa. Nilijaribu kumfikiria mtu. Baba hakuwa amenitazama. Nikamkumbuka Sue, kwamba shule hufungwa saa tisa, na kwamba njia yake ya kurudi nyumbani inapita pale pikapu ilipopita asubuhi, na kwamba wanaume wote wa ile pikapu sasa wanajua lango letu.

Nilimwambia Chesang hakuna mtu. Nilimwambia amtume askari shuleni kwa mtoto wangu kwanza, mimi nitabaki.

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa nane na nusu. Alichukua simu akaanza kupiga.

Jiwe la kwanza lilianguka juu ya mabati. Lilibingirika mpaka ukingoni, likadondoka. La pili liliingia kwa dirisha.